Bendi ya Ghala la Baruti

Siku yangu ya kwanza ya kuitumikia Bendi ya Baruti niliharibu chombo chake kwa kukitengeneza vizuri mno. Nalisema mapema, ili kijana anayetaka kujifunza ufundi wa sauti asidhani anasoma habari za mtu aliyezaliwa anajua. Nimefanya kazi hii tangu sharubu hazijaota mpaka meno yameanza kuniaga, kwanza Kasongo, kisha kambi ya machimbo upande wa Salamabila, kisha Kasongo tena. Makosa madogo siyataji. Kosa kubwa ni hilo moja, na nililifanya saa nne asubuhi, nimeshiba na akili zangu timamu.

Naitwa Amisi, ila mjini wananiita Fundi. Sisi ni Waislamu wa Kasongo tangu babu wa babu, lakini kazi nilijifunza kwenye karakana ya misheni. Mkuu wetu pale tulimwita Furere wa Karakana, mtawa mfupi Mbelgiji aliyekuwa na mikono myeusi ya mafuta na Kiswahili cha kwetu kabisa. Alitufundisha sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya usafi wa sauti. "Amisi," alikuwa akisema, "redio yenye kukwaruza ni sawa na shahidi muongo. Iko inasema, lakini nani atamusadiki? Usiirudishe kwa mwenyewe mpaka inyamaze ule mukwaruzo." Ya pili ilikuwa kwamba kipande ulichokitoa hakitupwi. Unakitia ndani ya kopo, kwa sababu kilichokufa katika redio ya tajiri kinaweza kuamka katika redio ya maskini. Kila mwanafunzi wake alikuwa na kopo lake. Langu lilikuwa la maziwa ya unga, nami nililiita Kopo la Marehemu.

Basi asubuhi hiyo gari la kampuni ya dhahabu lilisimama mbele ya kibanda changu, nyuma ya soko. Akashuka Mzambia mmoja, mtu mzima mwenye mvi chache, fundi wa mashine za kutoboa mwamba. Jina lake Chanda. Kiswahili alikuwa amekiokota kwa wachimbaji wa Salamabila, kwa hiyo alikisema kama wao, hata "ndiyo" yake ilikuwa "njo". Aliweka juu ya meza yangu kisanduku kilichotengenezwa kwa bati la biskuti, chenye tundu mbili za kuchomeka waya na kitufe cha kukanyaga kwa mguu.

"Papa Fundi, ndani iko na waya moja imekatika. Unifungie ile waya tu. Saa nane gari inarudi."

Ile waya niliifunga kabla chai yangu haijapoa. Kosa lilianzia hapo, kwa kuwa nilikuwa na muda. Nilipitisha muziki wa redio ndani ya kisanduku ili nikipime, na muziki ukatoka unanguruma, umetafunwatafunwa, kila noti ina mchanga. Moyo wangu wa fundi uliuma. Nilipima kipande kwa kipande, nikampata mkosaji: transista moja ya zamani, kile kipande kidogo chenye miguu mitatu kinachoikuza sauti. Ilikuwa inavuja, maana yake inaruhusu umeme kupita hata pale inapotakiwa kufunga. Nikaitoa, nikaweka mpya, ya mwisho niliyokuwa nayo. Muziki ukatoka mweupe. Chanda alirudi mbio, dereva anapiga honi, akachukua kisanduku chake, akanishukuru, wakaondoka. Mimi nikabaki natabasamu peke yangu.

Mezani ilikuwepo kazi nyingine siku ile, ampli ya msikiti wa mtaa wetu, yaani mashine ya kukuza sauti, iliyotakiwa kurudi kabla ya Ijumaa. Muadhini wa msikiti huo ni kaka yangu mkubwa, Yaya Saleh. Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na Yaya Saleh hamwachii mtu akasahau kwamba alitangulia. Nikaimaliza nayo jioni, haraka haraka, nikagonga mikro, yaani kipaza sauti, kwa kidole, ikajibu, nikampelekea.

Wiki tatu baadaye Chanda alirudi kwa pikipiki. Alikuwa amelala Wamaza njiani, na vumbi lilimjaa mpaka kope. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Papa Fundi, uliweka nini ndani ya hii kitu?"

"Niliweka uzima, Bwana. Nilitengeneza yote."

"Iko inaimba kama mutoto wa komunyo ya kwanza."

Nilidhani ni sifa. Nikaanza kumweleza habari ya transista inayovuja. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza, akaomba maji, akanywa, ndipo akanieleza yeye. Kule kwao, kwenye miji ya shaba, vijana wa wakati wa baba yake walikuwa na bendi za roki. Baba yake alipiga gitaa. Kisanduku kile alikitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akajaribu transista nyingi, na ile inayovuja ndiyo aliyoitafuta, kwa sababu ilikuwa inalifanya gitaa lilie kama mtu aliyekaukiwa koo.

"Amekufa," Chanda akasema. "Kaseti hakuna. Picha iko moja, na ndani ya picha amefunga macho. Sauti yake njo ilikuwa hii. Ile kitu ulitoa, iko wapi?"

Nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Mtu kaniletea waya, mimi nimemzikia baba yake mara ya pili. Nikashika Kopo la Marehemu. "Iko humu," nikamwambia. "Situpi kitu." Na kweli nilikuwa na hakika, sababu ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Taabu ni kwamba kopo lilikuwa na mamia ya transista, zote zimefutika namba, zote zimekufa au zinaumwa. Hapakuwa na njia ya kuitambua ile isipokuwa kuziweka moja moja na kusikiliza. Tulijaribu tatu, akasema hapana, hapana, hapana. Kesho yake ilimbidi arudi kazini.

Hazikupita siku nyingi akanipigia simu. Kambi ilikuwa inatafuta fundi wa umeme, na yeye ameshanitaja. "Kuja," alisema. "Kuja na kopo."

Mke wangu, Mama Zaina, alinisikiliza huku anachambua mboga. "Baba Zaina, umepoteza sauti ya baba ya mutu? Basi enda uitafute. Mimi niko hapa." Nikafunga virago.

Mkuu wangu wa kwanza kambini alikuwa Shefu wa Atelié, yaani wa karakana, mtu wa Katanga mwenye tumbo na huruma, ingawa ile ya pili aliificha. Alinitazama kuanzia viatu. "Fundi wa redio ni kama muganga wa meno," akasema, "anajua kipande kimoja tu ya mwili. Weye Papa, moteri unajua?" Nikasema nitajifunza. Nikajifunza kufunga upya nyuzi za moteri ya pampu, na kulea gurupe, yaani jenereta, ambayo ina hasira zake kama binadamu. Juu yake alikuwepo Mkuu wa Kambi, mgeni mrefu asiyecheka, na sheria yake kubwa ilikuwa ukimya. "Watu ya zamu ya usiku wanalala mchana," alikuwa akisema. "Sitaki kelele katika kambi yangu." Na alikuwa na haki, nakubali. Lakini ndiyo sheria iliyoipeleka bendi chini ya ardhi.

Nieleze bendi yenyewe. Kabla sijafika walikuwa watatu, wote wageni wa nchi. Chanda na gitaa lake. Bwana Rey, Mfilipino mchora ramani, mtu mpole mwenye miwani, ambaye mezani hakuweza kushika kijiko bila kupiga nacho ngoma. Na Mama Lalao, muuguzi wa zahanati ya kambi, kutoka Madagaska, aliyepiga gitaa la besi na kuimba kwa sauti ambayo hukuitegemea katika mwili mdogo namna ile. Walijuana kwenye chumba cha chakula. Rey alikuwa anagonga sahani, Lalao akaingiza wimbo, Chanda akaenda kuchukua gitaa. Kesho yake Mkuu wa Kambi akabandika tangazo la ukimya mlangoni.

Mahali pa kupigia alipapata Lalao. Nyuma ya kilima kulikuwa na ghala la baruti la wachimbaji wa zamani, limechimbwa ndani ya udongo na kujengwa kwa matofali, na tundu moja la hewa juu. Alikwenda kutazama kama ubaridi wake unafaa kwa dawa. Kwa dawa halikufaa, kulikuwa na popo. Kwa roki likafaa sana.

Kila Jumapili baada ya chakula tuliingia humo. Kazi yangu ilikuwa kuisimamia sauti, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba sikuwa najua kitu. Ghala lilikuwa refu na jembamba, na sauti ikigonga matofali inarudi kukupiga mgongoni. Mikro ikisikia sauti yake mwenyewe kutoka kwenye bafle, yaani sanduku la spika, inaanza kupiga yowe linalokua lenyewe. Wanamuziki wa kwetu yowe hilo wanaliita larseni. Siku ya kwanza larseni iliwatoa popo wote, na Bwana Rey akatoka nao. Nikaning'iniza magunia ya mpunga yaliyojaa majani makavu, nikasimamisha magodoro ya zamani ukutani, nikageuza bafle zitazame mlango. Taratibu ghala likatulia.

Muziki wao mwanzoni sikuupenda, lazima niseme ukweli. Masikio yangu yalilelewa na rumba na kasida. Roki niliiona ni ugomvi. Lakini ukikaa na watu Jumapili baada ya Jumapili unaanza kusikia wanagombana juu ya nini. Lalao alikuwa na wimbo wa Kimalagasi juu ya mama yake anayesuka mkeka na hajui kama binti atarudi, na aliuimba macho yameelekea ukutani. Rey alikuwa anavua miwani kabla ya wimbo mgumu. Walitunga hata wimbo mmoja wa Kiswahili cha kambini, "Shefu, mashine imelala, sisi hatulale," na Shefu wa Atelié, aliyekuja siku moja kuchunguza mafuta ya gurupe yanaishia wapi, alibaki mpaka mwisho na hakuuliza tena habari ya mafuta.

Wachimbaji waliokuwa wanapita njia ya Salamabila walisikia ardhi inatikisika. Wakagundua tundu la hewa. Ikawa kila Jumapili wanakaa juu ya kilima, juu ya vichwa vyetu, na mihogo yao ya kuchoma. Waliniambia muziki ule wanausikiliza kwa matako kwanza, masikio baadaye. Wao ndio waliotoa jina la Baruti. Redio hazikuitaja bendi, tangazo halikubandikwa, na nadhani Mkuu wa Kambi mwenyewe alijua akaamua asijue.

Wimbo mmoja tu hawakuupiga. Ulikuwa wa baba yake Chanda, kwa Kibemba, juu ya mtu wa mgodini anayengoja king'ora kilie arudi nyumbani. Lalao alikuwa anaujua kwa maneno, Rey kwa vidole. Chanda alikataa. "Na ile sauti ya komunyo? Hapana. Tungojee."

Kwa hiyo kila Jumapili, mazoezi yakiisha, nilifungua Kopo la Marehemu. Nilikuwa nimeweka soketi ndani ya kisanduku ili transista iingie na kutoka bila kulehemu. Tulijaribu tatu kwa siku, si zaidi, maana masikio yakichoka yanadanganya. Naweka, Chanda anapiga, macho kayafumba kama baba yake kwenye picha. "Hapana." Naweka nyingine. "Hapana." Nyingine inalia kama mbu. Nyingine haisemi kabisa. Wakati mwingine anasita, moyo wangu unaruka, kisha anasema polepole, "Iko karibu. Lakini si yeye." Hakunilaumu hata mara moja. Ukilaumiwa unaweza kujitetea, na mimi nilikosa hata hiyo nafasi.

Mama Zaina alikuwa akinipigia na habari za nyumbani, na nyingi zilikuwa za Yaya Saleh. Koo lake, ambalo kabla sijaondoka nilidhani lina mafua tu, lilikuwa limeingia ugonjwa. Adhana ilikuwa inatoka imekwaruza, imechoka, na watu wazima wa mtaa walianza kunong'ona kwamba mzee apumzike, apewe mwingine. Alikuwa anakunywa tangawizi na asali asubuhi na jioni. Mkewe alimkataza pilipili. "Ajabu ni kwamba siku gurupe ya musikiti inakosa mafuta," Mama Zaina alisema, "anaadhini kwa kinywa tu, na sauti inakuwa muzuri. Yeye anasema njo siku asali inafanya kazi." Mimi, fundi, nikamwambia amwongezee asali.

Mwaka ukapita na zaidi. Kisha kampuni ikaanza kupunguza watu, na mikataba ya wale watatu ikaisha mwezi mmoja. Ilibidi wapite Kasongo kungoja ndege. Lalao ndiye aliyesema. "Tumepiga chini ya udongo siku zote. Tupige mara moja juu, watu watuone." Rey akavua miwani, nikajua amekubali. Tukaamua Jumamosi, mchana, uwanja wa mpira wa shule moja Kasongo.

Jumapili ya mwisho ghalani kopo lilikuwa limebaki na transista tatu. Nilizitoa moja moja kwa vidole viwili. Hapana. Hapana. Ya tatu Chanda aliipiga kwa muda mrefu, akairudia, kisha akalaza gitaa magotini.

"Hapana. Basi, Papa Fundi. Tulitafuta."

Nilitoka nje nikajifanya naenda kutazama gurupe. Nililia pale, sifichi, mtu mzima mbele ya mashine.

Kwa uwanja wa wazi bafle zetu za ghalani zilikuwa ndogo mno. Nikaenda kwa Imamu kuomba ampli ya msikiti na pembe zake nne, yaani zile spika za bati zenye mdomo mpana. Zilikuwa zinaazimwa kwa arusi na mikutano ya mtaa, basi hakushangaa. Alitoa masharti: pombe isiuzwe mahali pale, na vyombo viwe vimerudi mnarani kabla ya magharibi. La tatu lilikuwa desturi ya mtaa, kwamba mikro ya msikiti haitoki bila muadhini. Yaya Saleh akaja nayo mwenyewe uwanjani asubuhi, kaifunga ndani ya leso, na kanzu yake safi.

Nikafunga pembe juu ya miti ya goli, nikavuta waya, nikawasha. Chanda alikuwa amekaa juu ya sanduku anabadilisha nyuzi za gitaa. Yaya akasogeza mikro mdomoni.

"Moja. Mbili. Haloo. Munisamehe, bandugu, koo yangu imezeeka."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti ile kwa karibu baada ya mwaka mzima. Ilikuwa na mchanga. Ilinguruma pembeni mwa kila neno.

Chanda aliinuka. Waya wa gitaa ulikuwa bado mkononi. Akatembea mpaka chini ya pembe, akainua uso.

"Papa, sema tena."

"Niseme nini, mwanangu?"

"Chochote. Sema tu."

Yaya akasoma Bismillahi na kuhesabu mpaka kumi. Chanda akafumba macho. Alipoyafumbua alinitazama mimi, na kabla hajasema neno nilikuwa nimekwisha kukumbuka yote: meza ya kibanda, siku ile, transista ya mwisho mpya nimeiweka kwenye kisanduku cha bati, na ampli ya msikiti inangoja transista ya sehemu inayopokea mikro. Ya kuweka sikuwa nayo. Mkono ukachukua iliyolala karibu, mita ikasema inavuja, nami nikajisemea itatosha kwa siku mbili tatu mpaka nipate nyingine kutoka Kindu. Kisha nikasahau. Sheria ya Furere niliifuata barabara: kilichokufa kwa mmoja kiamke kwa mwingine. Mwaka mzima nimetafuta kopo lote, na baba yake Chanda alikuwa mnarani.

Ilinipasa niseme palepale. Sikusema. Nilimtazama Yaya, mzee wa watu, anajipapasa koo. "Yaya," nikasema, "adhuhuri imekaribia. Nenda, mikro nitakutunzia." Chanda alielewa, akanyamaza kwa ajili yangu. Hilo nalo ni deni.

Yaya alipotoka nikafungua ampli. Nikatoa transista ya zamani, nikaiweka kwenye soketi ya kisanduku cha bati, na ile mpya yangu nikailehemu ndani ya ampli ya msikiti. Zilibadilishana nyumba tu. Chanda akachomeka gitaa, akapiga uzi mmoja. Ule mngurumo ukatoka. Akapiga tena. Lalao akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Njo yeye," Chanda akasema.

Watu walikuja wengi, wa mitaa ya Wakristo na ya Waislamu, wengine kutoka Nyangwe na samaki wao, na kundi la wachimbaji waliosafiri toka Salamabila kwa pikipiki ili waione kwa macho bendi waliyokuwa wanaikalia. Dakika za kwanza walitazama tu. Kwenye "Shefu, mashine imelala" wakaanza kucheka, kisha kuitikia. Wimbo wa Lalao uliwatuliza. Wa mwisho ulikuwa wa baba yake Chanda. Hakuna aliyeelewa neno la Kibemba, na hakuna aliyeondoka. Gitaa lilipokaukiwa koo kwenye sehemu ya king'ora, mama mmoja karibu yangu aliyekuwa na beseni la ndizi alisema, "Huyu mutu anataka kurudia kwao." Nilikuwa nimeshika vifungo vya sauti na sikuvigusa. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliacha mkwaruzo upite.

Tulirudisha ampli kwa wakati. Tulikuwa bado tunakunja waya uwanjani, wote wanne, adhana ya magharibi ilipopanda. Sauti ya Yaya Saleh ilitoka safi kama ya ujana wake, ikavuka mapaa yote ya mtaa. Watu njiani walisimama. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi. Chanda akaniwekea mkono begani. Siku mbili baadaye ndege iliwachukua, yeye, Rey na Lalao, na Bendi ya Baruti ikaisha hapo.

Yaya aliadhini miaka mingine mingi. Kila aliyemuuliza dawa ya koo alimwambia tangawizi na asali, na kuna nyumba mjini hapa mpaka leo zinamwamini. Mimi nilirudi kibandani. Nilikuwa nimepata sheria ya tatu, nikawafundisha wote waliopita mikononi mwangu: kabla hujagusa chombo, muulize mwenyewe anachokisikia, na kama anakipenda. Lakini nilikuwa nafundisha ukweli huku nimekalia uongo, na ulinikera kila Ijumaa.

Mwaka jana mikono ilianza kutetemeka, risasi ya kulehemu ikawa inadondoka pasipotakiwa, nikafunga kibanda. Kazi ya kwanza ya kustaafu ilikuwa kwenda kwa Yaya Saleh. Uadhini alikuwa amekwisha kuuacha, kwa sababu ya magoti. Nikakaa mkekani, nikamwambia yote, tangu waya hadi mnara. Alizungusha tasbihi muda mrefu.

"Amisi."

"Naam, Yaya."

"Tangawizi yote ile."

"Ndiyo, Yaya."

"Na pilipili. Mwaka muzima sikuonja pilipili."

"Unisamehe, Yaya. Nilitaka kusema siku ileile. Niliogopa."

"Walikuwa wanataka kunitoa, Amisi. Nilikuwa nalia ndani ya udhu, watu wasione." Kisha akauliza, "Huyu baba ya Muzambia, alikuwa musilamu?"

"Hapana, Yaya. Alikuwa mutu wa kanisa. Na wa gitaa."

Tasbihi ikasimama. Niliona mabega yake yanaanza kutikisika, nikadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi mwaka muzima, mara tano kwa siku, baba ya Muzambia aliita watu ya Kasongo kwenye sala. Na walikuja!" Akajifuta macho. "Uandikie mutoto wake. Umuambie baba yake hakupotea. Alikuwa kazini."

Niliandika kwenye simu, neno kwa neno. Jibu lilikuja asubuhi. Halikuwa na salamu wala maandishi, ni sauti tu. Nikampelekea Yaya, nikamsogezea simu sikioni, maana masikio yake nayo yamechoka. Lilikuwa gitaa, lile, lenye mchanga kwenye kila noti, linapiga sehemu ya king'ora. Yaya alisikiliza mpaka mwisho, akaniashiria nirudie, akasikiliza tena.

"Alhamdulillahi," akasema. "Koo yake iko muzima."